Nimenunua bunduki nzuri ya kuwindia, risasi zake hazipatikani popote. Nifanyeje?

Shikamoo Mzee Kaliba,

Mimi ni kijana wa Kitanzania, kwetu Iringa, huu ni mwaka wa sita niko Montana huku Marekani. Nimeoa huku, na ukoo wa mke wangu ni watu wa kuwinda kuanzia babu mpaka wajukuu, yaani ikikaribia mwisho wa Oktoba msimu ukitaka kufunguliwa hakuna kingine kinachoongelewa mezani. Mwaka juzi na mwaka jana nilienda nao porini kama mbeba mizigo tu, mwaka huu baba mkwe akaniambia mwanangu nunua bunduki yako, ni zamu yako kuleta nyama nyumbani. Mzee wangu nilifurahi siwezi kukuelezea.

Basi nikaenda duka moja linalouza bunduki zilizotumika, nikaikuta moja nyepesi, fupi, mbao zake hazina hata mkwaruzo, bei yake nusu ya zile zilizosimama pembeni yake. Muuzaji akasema hii ni .300 Remington Short Action Ultra Magnum, nguvu ya magnam, yaani risasi yenye baruti nyingi, ndani ya bunduki fupi, utashukuru ukipanda nayo mlima. Akanipa na boksi moja lililokwisha funguliwa, lina risasi kumi na moja. Sikuuliza kwa nini kumi na moja. Nililipa nikaondoka.

Nikaenda na shemeji yangu kulenga skopu, tukapiga nane, zimebaki tatu. Kutafuta nyingine ndo mateso yalipoanza. Nimezunguka maduka matano kwenye miji mitatu, hakuna. Kwenye duka la nne kijana wa kaunta akanitolea boksi la .300 WSM (Winchester Short Magnum) akasema chukua hizi ni kitu kilekile, shemeji akanishika mkono akasema twende. Nikaamua kuagiza onlaini, nikaona .300 Ultra Mag, nikasema ndo yenyewe hii, nikalipa. Boksi likaja, usiku nikaiweka moja juu ya meza ya jikoni kando ya ile yangu, ni ndefu kuizidi kwa zaidi ya upana wa kidole, haiingii hata kwenye magazini. Nikapiga simu kurudisha, wakasema risasi zikishauzwa hazirudi. Mke wangu hakusema kitu, aliangalia tu lile boksi akaenda kulala, na hiyo iliniuma kuliko angegomba.

Sasa yule muuzaji wa kwanza anasema nirudishe bunduki niongeze hela anipe bunduki ya kaliba, yaani aina ya risasi, mpya kabisa iliyotoka mwaka huu, eti ndo inakuja juu. Zimebaki wiki tano. Mzee, nimetapeliwa? Na kama hii risasi ni nzuri kama kila mtu anavyosema, kwa nini imekufa? Hiyo mpya nayo nitajuaje kama haitanifia mkononi?

Ni mimi mwanao, Mkwe wa Wawindaji, Montana.

*

Marahaba mwanangu, pole sana, na hongera kwa kupata wakwe wanaokuita porini, si kila mgeni anapata hiyo.

Kabla ya yote nianze na shemeji yako, nenda kamshukuru leo leo. .300 WSM na yako si kitu kilekile, ganda la WSM lina urefu wa milimita 53 na kidogo, la kwako ni 51 na kidogo, mabega yamekaa pengine na unene umetofautiana, na mtu anayesema zinafanana kwa sababu zote zimeandikwa .300 hafai kusimama nyuma ya kaunta ya risasi. Hiyo mia tatu inakwambia kwa kukadiria unene wa kichwa kinachotoka kwenye mtutu, haikwambii chochote kuhusu ganda linalokaa kwenye chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu, na chemba ndiyo inayobeba mlipuko ukiwa umeiweka sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Yale maneno yaliyochorwa kwenye mtutu na yale ya kwenye boksi lazima yafanane neno kwa neno, likipungua moja usijaribu hata kuiingiza uone. Hilo boksi la Ultra Mag lenye ganda la milimita 72 liweke mbali kabisa na bunduki yako, tafuta mwenye bunduki ya kaliba hiyo umuuzie, wapo.

Sasa swali la kutapeliwa. Bunduki yenyewe si mbovu. Ila mtu anayeuza bunduki ya kaliba hiyo kwa kijana anayeanza, anampa risasi kumi na moja, hamwambii kwamba hizo kumi na moja huenda ndizo zote alizonazo mjini pale, amekuficha jambo, na mimi siwezi kukwambia vingine. Usirudi kwake kwa biashara nyingine.

Umeuliza kwa nini imekufa na hapo naomba nikae kidogo maana ndo maisha yangu haya. Mimi nilianza nikiwa mbeba bunduki za wageni Selous miaka ya 80, saivi niko Texas kwa fundi bunduki, na kila wiki anaingia mtu kama wewe, kakumbatia bunduki safi isiyo na chakula.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Winchester walitoa .300 WSM, ganda fupi nene, nguvu za .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 ndani ya bunduki fupi nyepesi. Watu wakaipenda. Remington nao walikuwa na lao la namna hiyohiyo, hilo lako, wakalitoa muda mfupi tu baadaye. Ukiziweka mezani hizi mbili mnyama hawezi kujua imempiga ipi. Lakini Winchester walikuwa wameshawahi, bunduki za WSM zilikuwa zimeshaingia madukani, watengeneza bunduki wengine nao wakachukua hiyohiyo, na mwenye duka ana rafu moja, hawezi kuweka boksi za vitu viwili vinavyofanya kazi moja, anaweka kile kilichoulizwa na watu kumi, kile cha watu wawili anasema tutaagiza. Yule wa pili akisikia tutaagiza mara mbili, bunduki yake inayofuata ananunua ile nyingine. Basi imekwisha.

Na jina pia liliichimbia kaburi. Remington walikuwa tayari wana Remington Ultra Magnum toka 1999, ile ndefu, halafu hii fupi wakaiita Short Action Ultra Magnum. Wewe ulichoagiza usiku ule kwa kuchanganya majina wameagiza maelfu ya watu kabla yako, usijilaumu.

Kiwandani nako ujue mashine inayojaza risasi inafungwa kwa kaliba moja, ili kubadilisha inabidi isimame ipangwe upya, kwa hiyo kaliba isiyouzika inajazwa mara moja tu baada ya muda mrefu, nyingi kwa mkupuo, halafu basi mpaka watakapokumbuka. Ilipokuja ile shida ya risasi ya 2020 na 2021 viwanda vyote vilikimbilia zile zinazoondoka kwa wingi, 9mm, .223, .308, hizi za pembeni zikaachwa kabisa. Mwaka huohuo 2020 Remington wenyewe walifilisika kwa mara ya pili, kiwanda cha risasi kikauzwa kwa wengine. Kaliba iliyokuwa ikitegemea baba mmoja, baba akiugua inakuwa yatima.

Lakini usidhani zote zinakufa kwa sababu ya kuchelewa. Kuna moja ambayo mimi mpaka leo nikiifikiria inaniuma. Mwaka 1955 Winchester na Remington walitoa kila mmoja risasi ya milimita 6, mwaka mmoja. Ya Winchester ni .243, ya Remington ni .244, na ganda la .244 ndilo kubwa, linabeba baruti zaidi. Mtu angesema hii ndo itashinda. Sasa ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojisokota ambayo inakizungusha kichwa cha risasi kiende kimenyooka, na kichwa kirefu kizito kinataka msokoto wa kasi zaidi. Remington walifikiria watu wa kupiga mbweha na wanyama wadogo kwa mbali, wakaweka msokoto wa polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 12, na vichwa vyao vikaishia uzito wa greini 90 (greini ni kipimo kidogo cha uzito wa kichwa cha risasi). Winchester wakaweka mzunguko mmoja kwa inchi 10 na wakauza kichwa cha greini 100, wakamwambia mkulima hii utapigia mbweha kiangazi na kulungu vuli. Mkulima hana hela ya bunduki mbili. Alichukua .243, wote walichukua .243. Remington waliposhtuka wakabadilisha msokoto ukawa inchi 9, mwaka 1963 wakaibadilisha na jina ikawa 6mm Remington, ganda lilelile, kichwa cha greini 100 kikawa kinapita vizuri kabisa. Hakuna aliyerudi. Leo .243 unaipata kijijini kabisa, 6mm unaitafuta kwa tochi.

Hao hao wakarudia kosa la jina. .280 Remington ya 1957 ni risasi nzuri sana, kwangu mimi ni tamu kuliko .270, ila walipoitoa waliijaza kwa upole kwa sababu ya bunduki yao ya kujipakia yenyewe, na .270 ya Winchester ilikuwa madukani tangu 1925. Ikadorora. Mwishoni mwa miaka ya 70 wakaiita 7mm Express Remington wakidhani jina jipya litaiamsha, watu wakaanza kuichanganya na 7mm Remington Magnum ambayo ni kitu kingine kabisa na ni hatari kuchanganya, ikabidi wairudishe kuwa .280. Mteja aliyeshuhudia hayo yote akaona bora .30-06 yake.

Halafu kuna hili ambalo ukilielewa utajua kumjibu yule muuzaji. Mwaka 2007 Hornady, watengeneza risasi, pamoja na kampuni moja ya bunduki walitoa .30 TC, ganda fupi kidogo kuliko .308 lakini kasi kama ya .30-06. Ilikuwa kweli, walitimiza walichoahidi. Ila mwenye .308 hakuona haja na mwenye .30-06 hakuona haja, nani basi ainunue? Ikafa mapema. Sasa Hornady haohao wakachukua ganda hilohilo la .30 TC wakaibana shingo ishike kichwa cha milimita 6.5, ndo 6.5 Creedmoor, na hiyo saivi utaikuta kwenye duka lolote la Marekani linalouza risasi. Ganda ni moja mwanangu! Baba kafa hana hata jirani wa kumzika, mtoto kaenea nchi nzima.

Tofauti ni kwamba Creedmoor ilikuta watu wana shida ya kweli. Walenga shabaha wa mbali walikuwa wanapenda vichwa virefu vyembamba vya 6.5, na tayari walikuwa na .260 Remington toka 1997, lakini ganda la .260 ni refu kidogo, ukiweka kichwa kirefu hakikai vizuri kwenye magazini fupi inabidi ukizamishe ndani kinakula nafasi ya baruti, na bunduki za mwanzo zilikuwa na msokoto usiotosha vile virefu zaidi. Creedmoor ganda likawa fupi kwa milimita kama tatu, kichwa kikapata nafasi yake, msokoto ukawekwa inchi 8 toka siku ya kwanza, risasi za shabaha zikauzwa bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza, tena kwenye boksi za mwanzo wakaandika kabisa aina ya baruti na kipimo walichotumia ili anayejaza risasi mwenyewe nyumbani, kwa kulitia ganda baruti na kichwa kipya, asihangaike. Mtu alikuwa ananunua bunduki Ijumaa, Jumamosi anashindana nayo. .260 haikuwa na kosa kwenye nguvu, mnyama akipigwa na hiyo au na hiyo analala palepale.

Mambo ya kwetu ni hayohayo. Selous nilimbebea bunduki mzee mmoja Mwingereza, alikuwa na .318 Westley Richards, kaliba iliyokuwa maarufu Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Risasi zake zilikuwa kwenye kopo la tumbaku, kumi na nne, kila jioni anazitoa anazifuta moja moja kwa kitambaa halafu anahesabu anarudisha. Kynoch, kiwanda kilichokuwa kinalisha bunduki kubwa zote za Kiingereza, kilikuwa kimeshaacha kuzitengeneza miaka ya 60 kuelekea 70, na bunduki za thamani ya nyumba zikabaki mapambo. Wakati huohuo .458 Winchester Magnum ya 1956 ilikuwa na kasoro inayojulikana, baruti ilishindiliwa mno kwenye ganda fupi, ikikaa muda mrefu inagandamana, kasi inashuka, na mbele ya tembo hiyo si kasoro ndogo. Ikapona! Kwa sababu bunduki yake ilinunulika na risasi zake zilikuwa zinafika Arusha na Nairobi wakati za Waingereza hazifiki, kasoro wakairekebisha baadaye. Nimeyaona haya kwa macho, ndo maana mtu akinisifia kasi ya risasi mpya namuuliza kwanza inauzwa wapi.

Kwa hiyo hiyo kaliba mpya ya mwaka huu, mwanangu, jibu langu ni hapana, angalau si kama bunduki yako ya kwanza na ya pekee. Inawezekana ikashamiri, sijui wala muuzaji hajui. Wewe fanya hivi, nenda kwenye kamji ka mwisho kabla ya kambi yenu, lile duka linalouza na kahawa na betri na chambo cha samaki, angalia rafu yao ya risasi. Kilichopo pale ndicho utakachokipata siku umesahau boksi nyumbani na baba mkwe anakusubiri kwenye gari. Nakuhakikishia utakuta .30-06, .308, .270, siku hizi na Creedmoor. Halafu angalia kaliba hiyo inajazwa na viwanda vingapi tofauti na inawekwa kwenye bunduki za kampuni ngapi, ikiwa ni mmoja tu anayeijaza na ndiye huyohuyo aliyeibuni, subiri miaka kadhaa.

Kwa elki, yule kulungu mkubwa wa huko kwenu, .30-06 inakutosha na kubaki. Najua umeambiwa magnam. Kichwa cha greini 180 kutoka kwenye yako kinatoka na futi kama 2,960 kwa sekunde, kutoka kwenye .30-06 futi 2,700. Ndiyo, tofauti ipo, kwa mbali sana inaonekana. Lakini msimu wako wa kwanza hutakiwi kumpiga mnyama mkubwa kama tandala dume kwa umbali ambao tofauti hiyo ina maana, utamjeruhi na utamfuata kwenye theluji siku nzima na utalia. Mita 150, umelala, umetulia, nyuma ya bega.

Wiki tano hizi usinunue chochote. Mwambie baba mkwe ukweli wote hata kuhusu lile boksi la onlaini, usione aibu, familia ya wawindaji haikosi .30-06 imesimama kabatini, muombe akuazime, piga nayo boksi mbili kabla ya msimu mpaka uijue kifyatuo chake. Na zile risasi tatu usizipeleke porini. Risasi ya kwanza ikikosa, ya pili ikajeruhi, unabaki na moja tu mfukoni, hapana mwanangu.

Bunduki yako ina njia mbili baada ya msimu. Kuna watu wanaojaza risasi wenyewe, hao hawajali rafu ya dukani, na familia hii ya Short Action Ultra Magnum ina wapenzi wao hasa ile ya milimita 7. Kama kuna mtu mzima karibu na wewe anayejaza, akakubali kukufundisha akiwa amekaa pembeni yako, basi hiyo bunduki ni hazina na itakupa furaha miaka mingi, ila usijifundishe peke yako kwa video. Njia ya pili ni fundi bunduki kuibadilisha mtutu. Kitako cha ganda lako ni kipana cha magnam, kwa hiyo bolti yako, kile chuma kinachosukuma na kushika risasi, inaweza kushika kaliba ya 6.5 PRC ya 2018, ambayo nayo imezaliwa na kaliba iliyofeli, .300 Ruger Compact Magnum. Fundi apime magazini kwanza, kwenye bunduki fupi inabana. Mimi ningekuwa wewe ningeenda njia ya kujaza, hizo mbao zisizo na mkwaruzo zinaniambia mwenyewe wa kwanza aliipenda akaiacha kwa sababu ya risasi tu.

Lakini kama mkiamua kuiuza, uza kwa mtu anayejaza, mweleze kila kitu ambacho wewe hukuelezwa, na umpe zile tatu pamoja na yale maganda nane mliyopiga na shemeji. Natumaini mliyaokota. Kama hamkuokota rudini leo mkatafute kwenye majani pale mliposimama, kwa kaliba yako ganda tupu lina thamani kuliko unavyofikiri, na kwa huyo mnunuzi yatakuwa ndo kitu cha kwanza atakachouliza.

Na mama watoto, hilo boksi likishauzwa hela yake mpe mkononi. Ukirudi mlimani niandikie, nataka kujua elki mlimkuta upande upi na baba mkwe alisema nini.

Mzee Kaliba.